Risala ya umoja wa wafanyakazi wa huduma za ardhini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shirika letu la ndege, viongozi wote mlioko meza kuu, wafanyakazi wenzetu na familia zenu, habari za mchana. Tunamshukuru Mungu katufikisha leo tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa na sisi tunaoshinda kule chini ya ndege, kiukweli tumefarijika sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu ulianza na watu wachache wa shifti ya usiku waliokuwa wanachangiana ikitokea msiba, leo umekusanya wapakia mizigo, wasafishaji, wanaoongoza ndege kuingia maegesho na wenzetu wa kaunta za abiria. Mafanikio ni makubwa mno. Mfuko wa kusaidiana haujawahi kukwama, grupu letu la WhatsApp limeleta mapinduzi kwenye kubadilishana shifti, timu yetu ya mpira sasa inaogopwa hadi na marubani. Hayo yanatosha, twende kwenye jambo lenyewe.

Mheshimiwa, shirika la ndege la nauli nafuu kama letu linategemea muda. Ndege ikiwa angani inaingiza pesa, ikikaa chini inakula tu. Ndo maana mashirika mengi ya aina hii yanatumia ndege za aina moja ili fundi, rubani na spea visichanganyane, na ndo maana ndege ikitua inatakiwa iondoke ndani ya dakika 25 au 30 hivi. Dakika hizo ziko mikononi mwetu. Ndege inayoruka mara sita kwa siku ikichelewa dakika 10 kila inapopakiwa, hadi jioni imeshapoteza saa nzima, na hilo saa ndo faida yenyewe.

Mfano ni Southwest, shirika la ndege la nauli nafuu la Marekani. Lilianza kuruka Juni 1971 kule Texas, mwaka uliofuata hali ikawa mbaya wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo, ila ratiba hawakutaka kuipunguza. Watu wa ardhini ndo walioibeba, wakawa wanashusha abiria na mizigo, wanapakia wengine na ndege inaondoka ndani ya dakika 10. Mwaka 1973 shirika likapata faida, wafanyakazi wakawekewa utaratibu wa mgao wa faida, na faida ikaendelea kila mwaka mpaka 2019. Mwanzilishi mwenza, Herb Kelleher, alikuwa anasema wazi kwamba mfanyakazi anakuja kwanza, akitunzwa atamtunza abiria, abiria akirudi mwenye hisa anafurahi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 mashirika makubwa kule yalipunguza maelfu ya watu, wao hawakupunguza.

Lakini Mheshimiwa, shirika hilohilo Desemba 2022 lilifuta safari zaidi ya 16,000 ndani ya siku chache. Dhoruba ya baridi ndo ilianzisha, ila wenzao walirudi hewani mapema, wao wakakwama kwa sababu mfumo wa kupanga marubani na wahudumu ulikuwa wa kizamani, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeupigia kelele miaka mingi bila kusikilizwa. Mwaka uliofuata serikali ikawapiga adhabu ya dola milioni 140.

Sasa Mheshimiwa, kelele yetu sisi ni moja tu, mashine ya mkanda wa kupandishia mizigo. Iliyopo ni moja na imechoka, zikitua ndege mbili kwa pamoja moja lazima ipakiwe kwa mkono, na siku mashine ikigoma kabisa zote ni za mkono. Kwenye tumbo la ndege zetu mtu hawezi kusimama, unapiga magoti, unapokea begi la kilo 23 unalisukuma nyuma, na kuna abiria analipia begi linafika 32, sasa zidisha hiyo kwa ndege ya viti 180 halafu inakuja nyingine na nyingine. Wenzetu wameumia migongo wakiwa bado vijana, wazoefu wanaacha kazi, anakuja mgeni tunaanza kumfundisha upya huku saa inakimbia. Ndege ikichelewa, ripoti inaandikwa chanzo ni wapakia mizigo. Hilo linauma kuliko mgongo.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyepita alisimama hapahapa akasema mashine ingefika kabla ya msimu wa likizo, tulipiga makofi sana, msimu ukaja ukapita. Aliyemtangulia naye alisema ipo kwenye bajeti. Wakaja watu wakapima, wakapiga picha, tukaambiwa tuandae sehemu ya kuiegesha tukapaka mistari ya njano, mistari ipo mpaka leo. Tunawaheshimu wote na hatusemi kwa ubaya, ila tunaomba safari hii tusiambiwe inashughulikiwa. Tunaomba tarehe, na tunaomba tujue nani atasimamia ili tujue pa kuulizia.

Tunaelewa shirika letu lazima libane matumizi na tunaunga mkono, sisi wenyewe tunazima taa, tunatengeneza vitoroli kwa mikono yetu. Lakini kuacha kununua kitu kinachookoa dakika kila siku sio kubana matumizi, ni kulipa polepole. Wala hatudai mpya, hata iliyotumika ikikaguliwa na mafundi wetu ikawa salama tutaipokea kwa mikono miwili, mradi ije na mkataba wa matengenezo.

Mgao wa faida na maji ya kunywa kule uwanjani tumeviandika kwenye barua uliyokabidhiwa, vinaweza kusubiri kidogo. Hili haliwezi. Kwa heshima kubwa tunakuomba baada ya chakula uongozane na sisi, ndege ya saa kumi itakuwa inatua, uone mwenyewe inavyopakiwa kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.