Maharage sakafuni yalinishinda mimi na ubao wangu

Mhariri,

Nafundisha Baiolojia hapa Rungwe, mwaka wa 14 sasa. Miaka yote hiyo wanafunzi wangu walikariri magonjwa ya kuambukiza kwa Kiingereza safi, wakajibu mtihani, kisha wakatoka nje kukinga maji ya mferejini kwa viganja na kuyanywa. Mwaka 2022 nikafunga kitabu, nikawapa kesi ya mauaji.

Nilichora sakafuni kwa chaki mitaa ya Soho, London, ya mwaka 1854, nikatawanya punje za maharage kuonyesha nyumba zilizofiwa. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 pale, na madaktari wengi walishikilia kwamba kinaletwa na hewa chafu. Nikawaambia: mtafuteni muuaji, mna vipindi viwili.

Kilichowatesa ni kiwanda cha bia. Kilikuwa jirani kabisa na pampu ya Broad Street, ambayo mtaa ulichota maji, lakini wafanyakazi wake walipona. "Walevi wamepona!" mmoja akapiga kelele, darasa likavunjika mbavu. Msichana wa dawati la mbele, ambaye huwa haongei, akasema hata kimpumu, pombe ya kienyeji, ya bibi yake hunywewa kwa maji ya moto. Hapo ndipo nikawaambia kwamba wale walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Daktari John Snow aliona hivyohivyo, kwamba muuaji ni maji ya pampu, na Septemba 8 mpini wa pampu ukang'olewa.

Wiki iliyofuata tukachora kitongoji chetu. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna aliyeharisha tangu mvua zianze. Jina la mtu hawakuandika. Hilo nililisisitiza mpaka wakanichoka. Punje zikarundikana bondeni, kwenye chemchemi ambayo ng'ombe nao hunywa. Kwenye bomba la mserereko, linaloteremsha maji yenyewe kutoka juu, zilikuwa za kuhesabu.

Tukamwita mganga mfawidhi wa zahanati. Akafika kwenye CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii: wakati huo ilikuwa Sh30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Sisi tuko tisa. Wa kuachwa ni nani?" Mganga akamwambia swali hilo ni la diwani. Wakamwandikia barua siku hiyohiyo, wala sikuwatuma.

Kuna mkubwa mmoja aliyekuja kukagua akayakuta maharage sakafuni. Aliuliza kama yamo kwenye andalio la somo. Hayakuwamo, nami nikatakiwa kutoa maelezo ya maandishi. Basi naomba wahusika watuachie walau vipindi viwili kwa muhula vya kutoka nje ya andalio bila kuandikishwa maelezo.

Mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu asisubiri bajeti. Chaki, sakafu iliyofagiliwa na kisado kimoja cha maharage vinatosha. Maharage ayarudishe jikoni siku hiyohiyo. Mpishi wetu huyahesabu.

Mwalimu wa Baiolojia,
Tukuyu, Mbeya