Paa usilitazame ukiwa barabarani

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hapa Tanga hatujambo; goti la baba yako bado linamsumbua, ila anatembea. Picha za nyumba ya Kigamboni unayotaka kuinunua nimeziona. Uwanja mzuri, mwembe mzuri. Kilichoninyima usingizi ni paa: nyumba ya zamani vile, paa linang'aa vile?

Hii tunayokaa tuliinunua Agosti 1997, mbingu kavu, mabati yamepigwa rangi nyekundu mbichi. Baba yako akasema hapa hakuna kazi. Vuli ya mwaka ule ndiyo iliyokuja na El Niño. Wewe huwezi kuikumbuka, ulikuwa mgongoni. Usiku wa kwanza nilikinga sufuria mbili. Usiku wa tatu hata beseni lako la kuogea lilikuwa katikati ya sebule. Fundi alipopanda alibonyeza bati kwa kidole gumba, kidole kikatokea chini. Chuma kilishaliwa zamani, tulinunua rangi.

Basi nenda saa saba mchana, jua likiwa utosini. Omba ngazi, panda darini, funga tundu la kupandia, na tochi usiiwashe kwanza. Kaa gizani mpaka macho yazoee, utaona nyota, ndiyo matundu ya bati yanayopitisha jua. Zikiwa chache na ziko kwenye misumari, hayo ni mambo ya misumari kulegea na mipira yake kukauka, fundi anabadilisha. Zikijipanga mstari pale bati moja linapolalia jingine, ujue maji yamekuwa yakikaa humo miaka. Hapo kiraka hakisaidii. Na Kigamboni ni upepo wa bahari mchana na usiku: chumvi inaila zinki iliyopakwa juu ya chuma, na zinki ikishaisha kutu haina subira.

Sasa washa tochi uangalie mbao. Mimi mbao ndizo zinazonitisha. Bati unalinunua dukani, lakini kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zikioza unapaua upya. Chukua bisibisi, choma ncha za kenchi pale zinapokalia ukuta, maana ndipo maji yanapotuama. Bisibisi ikizama kama kwenye boga lililopikwa, shuka. Unga mwembamba juu ya siling bodi ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Vinjia vya udongo vinavyopanda ukutani ni mchwa. Watakuambia ni vya zamani, wewe vunja kidogo uone kama wenyewe wamo.

Kama banda la jiko limeezekwa mabati mazito ya kijivu, yanayofanana na saruji, hayo huenda ni ya asbesto. Usiyachokoe wala usiyakwaruze. Vumbi lake likiingia kifuani huleta saratani, na kuyashusha si kazi ya fundi wa mtaani na nyundo yake.

Dalali naye atakuambia bati ni geji 28. Labda. Namba ikipanda unene unapungua, kwa hiyo 30 ni jembamba kuliko 28, na madalali wanajua kwamba wanunuzi wengi hudhani kinyume.

Sisemi usinunue. Mchukue fundi wa kupaua, asiwe wa kuletwa na dalali, akuhesabie bati, mbao, misumari na ufundi, kisha karatasi hiyo iweke mbele ya muuzaji mzungumze bei. Sisi hatukufanya hivyo. Tulilipa bei ya nyumba yenye paa, na Januari tukanunua paa.

Arubuni usitoe kabla hujanipigia ukaniambia ulichokiona darini. Tochi ya baba yako nampa dereva wa basi la asubuhi, Jumamosi, betri nimeshatia. Vaa suruali, na ukanyage juu ya mbao tu, siling bodi haibebi mtu.

Mama yako