Usingoje Hofu Iishe: Barua kwa Mwenzangu wa Kwaya

Moshi, Jumamosi jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata, na picha ya watoto nimeiona. Huyo mdogo ni baba yake mtupu, hata kule kusimama na mikono kiunoni kama anakagua shamba. Sisi hatujambo. Masika yameanza kwa fujo, mlima hatujauona siku nyingi, na njia ya kupanda kwetu imekuwa tope tupu. Bodaboda wanadai nauli mara mbili na hatuna la kusema.

Sasa nije kwenye lile uliloliweka mwisho kabisa wa barua, kana kwamba ni jambo dogo. Kwamba mwalimu wa kwaya huko Dodoma aliuliza baada ya mazoezi kama yupo anayeweza kutunga wimbo wa Pasaka, nawe ukainama ukajifanya unatafuta kitu kwenye mkoba. Kwamba daftari lako la nyimbo liko chini ya sanduku, limeviringishwa kwenye kanga. Na kwamba unasubiri hofu ikuishe kwanza, ndipo uanze.

Nilipofika hapo niliiweka barua mezani, nikaenda kuepua ndizi, nikarudi nikaisoma tena. Mwenzangu, hofu hiyo haiishi. Ukiingoja utangoja mpaka wajukuu waje kulikuta daftari na kuuliza ni la nani.

Tunamsoma Paulo kana kwamba alikuwa mtu wa kutembea kifua mbele. Mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Na ukifungua Matendo 18 utakuta kwamba katika mji huohuo Bwana alimtokea usiku katika maono, akamwambia asiogope, anene, wala asinyamaze. Mtu haambiwi asinyamaze kama wazo la kunyamaza halijampitia kichwani. Akakaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba matetemeko yalimtoka kwanza ndipo akafungua mdomo.

Ila ninayempenda zaidi katika habari hizi za woga ni Gideoni. Malaika anamkuta amejificha ndani ya shinikizo la zabibu, anapepeta ngano humo ili Wamidiani wasiione. Anaitwa shujaa, na ukitazama alipo unaweza kucheka. Kisha anaambiwa akaibomoe madhabahu ya Baali, tena ya baba yake mwenyewe. Akatwaa watumishi kumi, akaenda akafanya. Lakini alikwenda usiku, na Waamuzi 6 inataja sababu bila kumstahi: aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Mungu hakumrudisha akaifanye upya mchana. Kulipokucha madhabahu ilikuwa chini, basi.

Kwa hiyo sikuambii usimame Jumapili ya Pasaka mbele ya usharika mzima uliouhamia juzi. Nenda usiku, kwa maana hiyo ya Gideoni. Una jumuiya hapo mtaani kwako. Una wale watoto wa Shule ya Jumapili ulionisimulia kwamba wanaimba kama wanagombana. Wafundishe hao ubeti mmoja. Watumishi kumi wanatosha.

Najua woga wako ulipozaliwa, nilikuwapo. Tulikuwa tumekaa kwenye yale mabenchi ya nyuma, mimi kwenye sauti ya pili, wewe umesimama mbele na karatasi yako umeandika solfa kwa kalamu ya bluu na maneno kwa nyekundu. Ulipomaliza kuuimba, mmoja wa wakubwa wetu akauliza, "Huu ni wimbo wa Pasaka au wa kuchuma kahawa?" Watu wakacheka. Nawe ukacheka, ukaikunja karatasi, ukaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kuingia kwenye kiganja. Tangu siku hiyo sijakusikia ukisema kwamba una wimbo.

Nikuambie kitu ambacho huenda hukijui: ubeti wa pili wa wimbo ule ninao mpaka leo. Nauimba nikiosha vyombo. Wale wanawake wako njiani kwenda kaburini alfajiri, nao wanaulizana, "Mikono yetu imejaa manukato, jiwe nani atalisukuma?" Marko anasema tu kwamba waliulizana habari ya jiwe. Hiyo mikono iliyojaa ni yako wewe, hukuitoa kwa mtu. Na hukuwafanya wakae nyumbani mpaka apatikane wa kulisukuma. Uliwaacha waende na swali lao. Wewe mwenyewe uliliandika hilo, halafu unaniandikia mimi habari ya kusubiri!

Na kuhusu kuchuma kahawa: ule wimbo wa Mfurahini Haleluya, ambao bila huo Pasaka yetu haijawa Pasaka, unajua ulikotoka? Bernard Kyamanywa aliuandika mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa theolojia pale Makumira, akauweka kwenye mahadhi ya Kihaya. Mahadhi ya nyumbani, katika miaka ambayo nyimbo nyingi za ibada zetu zilikuwa na sauti zilizokuja na wamisionari. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Ujerumani, namba 116. Wale wageni wa usharika rafiki walipokuja kwetu, tuliuanzisha sisi kwa Kiswahili, wao wakaudaka kwa Kijerumani bila kufungua kitabu, na mama mmoja mzee akawa anapiga makofi nje ya mdundo kwa furaha yake yote. Sijui kama pale Makumira alikuwapo wa kumuuliza Kyamanywa ule ni wimbo wa nini. Ila ninachojua, sauti ya nyumbani haijawahi kuwa dosari ya wimbo.

Waliokucheka walikosa, nisikufiche. Tunapenda sana kumnukulia mwoga ile 2 Timotheo, "Mungu hakutupa roho ya woga", tukamwachia mzigo wote yeye. Tunasahau kwamba Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho kuhusu Timotheo huyohuyo, kwamba akifika kwao waangalie akae nao pasipo hofu, na mtu yeyote asimdharau. Yaani kanisa nalo lina kazi ya kufanya mtu asiogope. Kwaya yetu haikuifanya siku ile. Lakini huko Dodoma hao hawajakucheka. Usiwatoze deni la watu wa Moshi.

Kuna sentensi yako nyingine ilinikereketa: "Mimi ni mtu mdogo tu, wapo wenye karama kubwa kuliko yangu." Kanisani ukisema hivyo watu wanaitikia amina na wanasema huyu mama mnyenyekevu. Mimi sisemi amina. Yule mtumwa wa talanta moja katika mfano wa Yesu, aliyeifukia ardhini, naye angeweza kuusema huo unyenyekevu. Na hiyo moja haikuwa sarafu ya kudondoka mfukoni. Talanta ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari ndiyo ujira wa kibarua kwa siku, kama wale wa shamba la mizabibu. Piga hesabu: ni ujira wa miaka kama ishirini. Alikabidhiwa mali ya kumshangaza mtu yeyote kijijini, akaiona ndogo kwa sababu alimtazama mwenzake aliyepewa tano. Halafu alipoulizwa, hakusema "nilikuwa mvivu" wala "nilikuwa mnyenyekevu". Alisema, "Nikaogopa." Na alichokiogopa alikitaja kabla ya hapo: "wewe u mtu mgumu". Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo, dada yangu. Ukilifikiria daftari lile, unamwona nani anayekuja kulikagua? Maana wewe ndiye uliyewafundisha watoto wetu kusali "Baba yetu" taratibu, neno kwa neno, wasiliimbe tu kama kasuku.

Usidhani nayasema haya kwa kuwa mimi nina moyo wa simba. Ule msiba wa jirani yetu wa bondeni nilikusimulia juujuu tu. Mwinjilisti alikuwa amekwama na pikipiki yake ng'ambo ya mto, giza linaingia, watu wamejaa chini ya turubai. Mzee wa kanisa akaja kule nyuma nilikokuwa nakatakata vitunguu na akina mama, akasema, "Mama, tuongozee ibada." Siyo "unaweza?" La. "Tuongozee." Nikanawa mikono, harufu ya vitunguu ikabaki palepale. Nikafungua Zaburi ya 121 na Biblia ikaanza kutetemeka mpaka nikaiweka kwenye meza ya plastiki nisionekane. Pumzi ilikuwa hainitoshi mstari mzima. "Nitayainua macho yangu..." napumua. "Niitazame milima..." napumua. Nilikuwa na hakika kwamba watu wote wananitazama mimi.

Baada ya mazishi yule mjane alinishika mkono akasema, "Asante kwa kusoma polepole. Wengine wanasoma haraka, hakuna linaloingia."

Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Kumbe hapakuwa na aliyenitazama. Wafiwa walikuwa na yao ya kutosha, walitaka neno tu. Hofu ilikuwa imenidanganya kwamba ule msiba ulikuwa wangu. Tangu hapo, Paulo anaposema kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho "kwa kufaidiana", namwona yule mama. Kama ningebaki na vitunguu vyangu, si mimi ambaye ningepungukiwa. Na sasa nikiitwa, mikono bado inatetemeka. Siku hizi naanza tu kwa kuomba meza.

Kwa upande mwingine, si kila anayekataa ni mwoga. Waliponitaka niwe mtunza hazina wa akina mama nilikataa, na nililala usingizi mzuri, kwa sababu mimi na hesabu hatujawahi kuelewana. Kanisa likiwa na upungufu wa watu hukamata yeyote aliye karibu na mlango. Na wapo ambao hofu kidogo ingewafaa: mtu anapewa kipaza sauti atoe salamu, anahubiri mpaka mnada wa mazao unaanza kunyeshewa nje. Karama nyingine nazo hazihitaji kipaza sauti kabisa. Tabitha wa Yafa alipokufa, wajane hawakumwelezea Petro mahubiri yake. Walimwonyesha kanzu na nguo alizoshona. Kwa hiyo ungeniambia kwamba umekaa, umeomba, na umeona kutunga siyo kazi yako, ningenyamaza. Hukuniambia hivyo. Uliniambia kwamba usiku nyimbo zinakuja ukiwa unakunja nguo, na unazinyamazisha kwa kuwasha redio. Hiyo ni habari tofauti.

Fanya hivi basi. Lifungue daftari. Chagua wimbo mmoja, na mimi ningechagua uleule wa manukato, lakini ni wako. Uandike upya kwa solfa, sauti zote nne, na usijihangaishe sana na besi, maana besi yako ilikuwa dhaifu tangu zamani na hilo mwalimu atalirekebisha. Kisha mfuate yeye peke yake kabla ya mazoezi, siyo mbele ya watu. Mwambie, "Mwalimu, nimeleta hiki, nisaidie kukinyoosha." Mpe karatasi isiyokunjwa. Akisema kiitikio ni kirefu, kifupishe. Akisema hapana, umebaki na wimbo wako na watoto wa Shule ya Jumapili wapo. Kwaresima ndiyo kwanza imeanza, muda unao.

Kabla ya hapo nitumie mimi kwa WhatsApp. Rekodi hata jikoni, masufuria yakilia si neno. Niambie tu umeuanzia do gani, maana wewe huwa unaanzia juu halafu sauti ya kwanza wanaishia kupiga mayowe kwenye kiitikio. Sauti ya pili nitaitafuta mwenyewe, kama zamani.

Mama anakusalimu sana, mguu unaendelea vizuri, ameanza kushuka mpaka mgombani kwa fimbo yake na kutugombeza njiani. Msalimie shemeji, na umkumbushe kwamba zabibu za Dodoma alizoziahidi Krismasi tumezisikia kwa masikio tu.

Wako katika Bwana,
mwenzako wa sauti ya pili