Chumvi ya mezani iondoke kantini

Mhariri,

Ninauza chakula Ng'ong'ona, Dodoma, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo. Bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likiingia wanaagiza zege, yaani chipsi mayai, na mishikaki. Likikata, ni chipsi kavu, au maandazi na soda mpaka jioni. Kinachonishangaza ni kichupa cha chumvi. Kijana hajaonja hata kipande kimoja, tayari anakung'uta! Tomato inafuata, nayo ina chumvi yake, na supu imeshaungwa na vile vidonge vya mchuzi ambavyo vina chumvi nyingi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazizidi kijiko cha chai. Ndiyo yote hiyo, ya sufuriani na ya mezani. Ikizidi, hupandisha presha. Wanangu hawa huniambia presha ni ya wazee. Lakini presha haipigi hodi: unaweza kuwa na 140 kwa 90, ambayo tayari ni presha ya juu, na jioni ukacheza mpira vizuri tu.

Mimi vichupa nimeviondoa, anayetaka anaomba. Wachache hununa, wengi hawaombi. Mlenda na ugali wa uwele vipo kila siku, kwa bei chini ya zege (ila mama lishe wenzangu, tupunguze magadi, nayo yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha).

Uongozi wa vyuo, mnapotoa tenda za kantini, wekeni sharti chumvi isikae mezani. Na mashine ya kupimia presha iwekwe pale foleni ya chakula inapoanzia.

Mama lishe,
Ng'ong'ona, Dodoma