Barua ya malalamiko: prosesa niliyolipia siyo mliyonifungia

Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.
11 Oktoba 2023

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PROSESA NILIYOLIPIA SIYO MLIYONIFUNGIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipokea mzigo wa kompyuta niliyoagiza kwenu stendi ya Kange, umefungwa vizuri, na kwa hilo nashukuru. Nilipoiwasha kompyuta nyumbani na kuangalia vifaa vilivyomo, nikakuta prosesa, kile kifaa kinachofanya hesabu za kompyuta, ni Ryzen 7 5800X3D. Ankara yenu, ambayo nakala yake naiambatanisha, imeandikwa Ryzen 9 5900X.

Nilipiga simu siku hiyo hiyo. Kijana wenu akanijibu, "Kaka, hapo tumekupendelea. Hiyo ni mpya zaidi, watu wa magemu wanaigombania." Sikatai. 5900X ilitoka mwishoni mwa 2020, hii ikatoka 2022, na kashe yake (memori ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 96 inazisaidia sana gemu nyingi. Ila mimi sichezi gemu, nachora nyumba.

Kazi yangu ni picha na video za majengo ambayo bado hayajajengwa, na nazirenda, yaani naiachia kompyuta ikokotoe mwanga na rangi za kila picha, kwa Cycles, injini iliyo ndani ya programu ya Blender. Katika kazi hiyo kori zote, yaani vitengo vya kukokotoa vilivyo ndani ya prosesa, hugawana picha na kuikokotoa kwa pamoja, kwa hiyo kinachonihusu kwanza ni idadi yake. 5900X ina kori 12 na thredi 24 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja). Hii ina 8 na thredi 16. Kurenda kwa kadi ya picha kungewezekana, lakini yenye memori ya kutosha michoro yangu ilinishinda bei, na hilo niliwaeleza kabla ya kulipa. Hata kubaki kwenye AM4, soketi ya prosesa za kizazi hiki, ilikuwa hesabu ya mfuko: prosesa za Ryzen 7000 zinadai madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) mpya na ramu za aina mpya, DDR5, wakati mimi tayari nina DDR4 gigabaiti 64, zile nilizowatumia mzifunge humo. Nilichobana huko kote nilikipeleka kwenye kori nne za ziada, na ndizo hizo mlizoziondoa bila kuniuliza.

Sasa hivi nina video ya dakika moja, nyumba ya mteja kule Raskazone. Fremu 24 kwa sekunde, jumla 1,440. Mashine hii inatumia dakika 5 kwa kila fremu, yaani saa 120: siku tano usiku na mchana, feni inavuma na uniti za LUKU zinateremka. Kwa kori 12 nilipiga hesabu ya saa 80. Tuseme hata 90, maana kori haziongezi kasi kwa uwiano kamili. Mteja namdai subira ambayo sikupanga kumdai.

Niliagiza jahazi la mizigo, mkaniletea ngalawa ya mashindano, kisha mkataka nishukuru kwa kuwa inakimbia.

Ninachoomba ni kubadilishiwa. Prosesa zote mbili zinakaa soketi ya AM4, hivyo madabodi haiguswi. Itasafiri prosesa peke yake, na nauli ya kifurushi kwenda na kurudi iwe juu yenu. Kama 5900X hamna stoo, nirudishieni fedha ya prosesa nikatafute kwingine. Zile feni za taa za rangi ambazo kijana wenu alisema ataniongezea "tuyamalize", sizihitaji.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na maelezo yangu yako kwenye ankara yenye mhuri wenu. Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka nakala hizi Tume ya Ushindani.

Prosesa yenu nimeitunza. Video ya Raskazone ikimalizika Jumapili, naweza kuifungua na kuituma kwa basi la Jumatatu asubuhi, mkinijibu kabla ya hapo.

Wako,
Mchoraji wa picha za majengo,
Ngamiani, Tanga.