Wakenya hawakutufunza kila kitu

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu hawa wazee wetu wanaosema kila kijana Mganda akilalamika juu ya serikali ati amefundishwa na Wakenya huko TikTok. Mimi niko Busia upande wa Uganda, mpakani kabisa na Kenya, hapa mtu anakunywa chai huku anaenda kununua unga kule Kenya, laini ya Safaricom ya Kenya inashika mpaka chumbani, sasa wazo la siasa ndio litapanga foleni kwa watu wa forodha?

Halafu tuulizane nani alianza. Mwanzo wa 2024, Wakenya hawajaingia barabarani bado, vijana wetu walikuwa washaanza kumwaga kwenye X (ile Twitter ya zamani) mambo ya matumizi ya Bunge, safari, posho, pesa zinaingia kwa akaunti za watu, wakaita maonyesho ya Bunge la Uganda. Wakenya wakaja Juni kupinga Muswada wao wa Fedha, ule wa kodi mpya, tarehe 25 wakaingia Bunge lenyewe, watu wakapigwa risasi wakafa, kesho yake Rais Ruto akasema hausaini huo muswada. Tarehe 23 Julai vijana wa Kampala nao wakajaribu kuandamana kwenda Bunge, polisi wakawabeba. Agosti mosi Nigeria nao wako barabarani, na Nigeria hatupakani nayo popote.

Mimi kinachoniuma ni kwamba kitu cha maana cha kuiga tulikiacha. Wakenya walisoma bana! Ule muswada waliupasua kipengele kwa kipengele, VAT ya mkate 16%, kodi ya magari 2.5%, wakaueleza kwa vivideo vya Kiswahili, Kikikuyu, Kijaluo, mpaka mama mboga akajua yeye ataumia wapi, na ile ya mkate serikali iliitoa hata kabla ya tarehe 25. Sisi makaratasi yetu ya matumizi ya Bunge yalikuwa makali kabisa lakini ya Kiingereza, yako X, na mtu wa boda hayuko X, yeye yuko TikTok na WhatsApp, kwa hiyo siku ya kuandamana yeye aliona tu polisi wamejaa mjini na hakujua wanazuia nini.

Kufunga mitandao nako hakusaidii. 2018 serikali yetu ilileta ushuru wa shilingi 200 kwa siku ukitaka kuingia WhatsApp, watu wakaweka VPN, ile app ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Januari 2021 wakafunga Facebook siku chache kabla ya uchaguzi, VPN tena. Na uongo nao unavuka hivyo hivyo, video ya Nairobi ya zamani unaambiwa ni Kampala leo asubuhi, hiyo sikatai.

Sasa ombi langu kwenu nyie wa gazeti. Kila Juni bajeti inasomwa kwa Kiingereza. Tutoleeni vile vipengele vya kodi kwa Kiswahili cha kawaida, mafuta, sukari, data, hata kurasa mbili tu, mimi nitapiga picha niweke kwa grupu ya stendi yetu, na Wakenya wa ng'ambo ya pili wakitaka kuiga wataiga.

Msomaji wenu,
Busia, Uganda