Risala ya Vijana Watayarishaji wa Muziki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Mdundo uliokupokea mlangoni ulikuwa unachechemea. Waya ni nzima, ingawa jirani yetu mmoja, mtu mzima, alishatushauri tumwite fundi.

Mwendo ule tumeuchukua kwa James Dewitt Yancey wa Detroit, Marekani, maarufu kama J Dilla, prodyuza tuliyemsoma mwaka huu mzima. Alizaliwa tarehe 7 Februari 1974. Mama yake aliimba opera, baba yake alipiga besi. Mpiga kinanda Amp Fiddler ndiye aliyemkalisha mbele ya mashine ya Akai MPC, ile yenye vitufe vipana vya kugonga kwa vidole. Mashine hiyo inaweza kukunyooshea midundo: ukichelewa kidogo, inakurudisha kwenye mstari. Dilla hakuitegemea. Ndani ya mdundo mmoja, ngoma moja aliiacha inyooke, nyingine akaisogeza mbele au nyuma kidogo sana, kwa makusudi, hadi msikilizaji ahisi kama sakafu inacheza. Tulipomwiga mara ya kwanza tulipata fujo tupu. Ilituchukua wiki kadhaa kutambua kwamba yeye alichelewa kwa hesabu, sisi tulichelewa kwa kutojua.

Alianza na Slum Village, kundi la hip-hop alilounda na wenzake wa shule, akaja kufanya kazi na wasanii wengine wa muziki huo, The Pharcyde, A Tribe Called Quest na Common. Mwaka 2001 alitoa albamu ya Welcome 2 Detroit. Humo mna hip-hop, mna midundo ya Kiafrika, mna hata vinanda vya umeme vya namna ya kundi la Kraftwerk wa Ujerumani, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Sisi tunaipenda kuliko zote, japo wapo wanachama watakaobisha.

Kisha akatia saini na kampuni kubwa. Albamu aliyoirekodi kwa mkataba huo ikawekwa kabatini, ikatoka mwaka 2016, miaka kumi baada ya kifo chake.

Tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32, ilitoka albamu yake Donuts: vipande 31, vingi havifiki hata dakika mbili, na hakuna msanii aliyealikwa kuchana. Alikuwa anaugua maradhi ya damu pamoja na lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Siku tatu baadaye alifariki, Los Angeles. MPC yake sasa imo katika makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, jijini Washington.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi MPC hatuna. Tuna kompyuta moja, spika mbili, na luku tunayochangishana. Ombi letu la kwanza bila shaka umeshalikisia: kompyuta ya pili. La pili halina gharama kubwa. Tunaomba utukutanishe na mwanasheria, aje hata Jumamosi moja, atusomeshe mkataba wa muziki kabla hatujawekewa wa kweli mezani na kalamu juu yake.

Baada ya risala hii tutakupigia biti tuliyoikata kutoka santuri ya taarab ya bibi wa mwenzetu mmoja. Bibi mwenyewe yupo, amekaa safu ya mbele, na ametuonya tusiikwaruze.

Tunaomba kuwasilisha.